Krismasi Katika Nchi ya Ugeni

Kila mwaka Desemba ikiingia, maombi ya namna moja hutujia kutoka kwa washirika wa Ukunda, Diani, Msambweni, Lunga Lunga na hata Kinango. Tumwombee binti aliyeko Riyadh. Tumwombee mume aliyeko Doha. Tuikumbuke jamaa iliyohamia Dubai. Na pamoja na maombi hayo huja swali: huko Uarabuni, katika nchi za jangwa na za Waislamu, ndugu zetu huisherehekeaje Krismasi? Wengine huuliza kwa hofu, kana kwamba mtu akishuka katika ndege huiacha imani yake forodhani. Wengine huuliza kwa hasira kidogo. Leo twapenda kulijibu swali hilo kwa utaratibu, maana jibu lake latugusa na sisi tunaokaa hapa Kwale.

Tuanze na siku yenyewe. Tarehe 25 Desemba katika nchi za Ghuba ni siku ya kazi kama siku nyingine. Ofisi ziko wazi, zamu za hospitali ni zile zile, na mjenzi hupanda jukwaa lake asubuhi kama alivyopanda jana. Mapumziko ya juma katika nchi nyingi za huko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Wakristo nao wamezoea kukusanyika Ijumaa, siku ambayo kila mtu ana nafasi. Mtoto aliyekulia huko huenda shule ya Jumapili siku ya Ijumaa, wala haoni ajabu. Falme za Kiarabu zilibadili desturi hiyo Januari 2022, zikachukua Jumamosi na Jumapili, na makanisa mengi ya huko yakarudi katika siku ya Bwana. Mahali pengine Ijumaa imebaki.

Nchi hizo hazifanani, na wale wanaozungumza juu ya "Uarabuni" kana kwamba ni kijiji kimoja hupotosha watu. Bahrain ina kanisa la Kiinjili na hospitali ya misheni tangu mwanzo wa karne ya 20. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1903, na mpaka leo inatibu watu. Huko Abu Dhabi na Dubai watawala wametoa viwanja vya makanisa tangu miaka ya 1960. Sultani Qaboos wa Oman naye alitoa ardhi, na Waprotestanti huabudu pale Ruwi na Ghala, karibu na Muscat. Qatar ilikaa bila jengo la kanisa hata mwaka 2008, ndipo pakafunguliwa la kwanza nje ya mji wa Doha, katika kiwanja kilichotolewa na mtawala, ambapo madhehebu mengine nayo yana mahali pao. Ukipita barabarani hutaona msalaba juu ya paa, lakini ndani nyimbo zinaimbwa.

Saudia ni habari nyingine. Huko hakuna jengo la kanisa hata moja, na ibada ya hadhara isiyo ya Kiislamu imekatazwa. Serikali ya huko imesema kwamba wageni waweza kusali faraghani majumbani mwao. Hadi mwaka 2016 polisi wa dini walikuwa na uwezo wa kukamata watu, na waliokaa huko zamani hutusimulia jinsi walivyofunga madirisha na kuimba kwa sauti ya kunong'ona. Miaka ya karibuni mambo yamelegea kidogo, hata miti ya Krismasi imeonekana madukani Riyadh. Lakini kuhubiri dini nyingine kungali kumekatazwa kabisa, na hilo tutalirudia, maana ndilo linalotutia wasiwasi.

Sasa tutazame nyumba. Sheria za Ghuba humruhusu mgeni kukaa na mke na watoto ikiwa mshahara wake umefikia kiwango fulani. Kwa hiyo jamaa za Kenya zinazokaa pamoja huko ni za wauguzi, walimu, wahasibu, watu wa mahoteli waliojifunza kazi Diani wakapanda vyeo. Chukua jamaa ya namna hiyo katika ghorofa ya sita ya nyumba ya kupanga. Nje ni Desemba ya jangwa, nayo ina baridi. Usiku wa Riyadh huweza kushuka chini ya digrii 10, wakati sisi hapa twajipepea kwa joto la kaskazi. Baba yuko zamu mpaka saa moja jioni. Mama amepata nazi ya unga dukani kwa Mhindi, kwa kuwa mbichi ni ghali, naye anapika wali. Watoto wamekata nyota ya karatasi wakaibandika upande wa ndani wa mlango. Jioni waja Wakenya wawili watatu, Mganda mmoja, labda Mfilipino wa jirani ambaye hajui Kiswahili lakini ajua tuni. Wanasoma sura ya 2 ya Injili ya Luka, wanaimba, wanakula, na kabla ya saa nne wageni wametoka, kwa sababu kesho ni kazi.

Waweza kuiita hiyo Krismasi ndogo. Sisi hatuoni hivyo. Ile ya kwanza nayo haikuwa na sikukuu ya serikali. Yusufu na Mariamu walikuwa safarini kwa amri ya mtawala wa mbali, hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, na muda si muda, kama Mathayo anavyosimulia, wakawa jamaa ya kigeni katika Misri, nchi ya jangwa na ya dini nyingine. Injili haisemi walisherehekeaje siku za kuzaliwa kwa mtoto walipokuwa huko. Bila shaka Yusufu alitafuta kazi ya useremala, na Mariamu alijifunza bei za sokoni.

Liko jambo moja linaloshangaza watu wa bara wanapofika huko mara ya kwanza, ingawa mtu wa Kwale alijua tangu utoto. Waislamu nao wana habari ya kuzaliwa kwa Isa. Sura ya 19 ya Kurani yaitwa kwa jina la Maryam, nayo inamsimulia akijifungua penye shina la mtende, akipewa maji na tende. Hatusemi kwamba imani hizo mbili ni moja. Juu ya Yesu ni nani, tunatofautiana sana, na si adabu kulificha hilo. Lakini jirani ambaye tayari anamheshimu Mariamu si mtu wa kuogopwa mlangoni.

Mara nyingine kalenda huleta mtihani wake. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote. Krismasi za 1998, 1999 na 2000 ziliangukia ndani ya mfungo, na tukihesabu mbele, itakuwa vivyo hivyo mwaka 2031 na 2032. Katika nchi kadhaa za Ghuba sheria humkataza kila mtu, awe Mwislamu au asiwe, kula hadharani mchana wa Ramadhani. Basi chakula cha Krismasi kinangoja magharibi, au kinaliwa mlango umefungwa. Wako waliopeleka sinia kwa jirani saa ya kufuturu, wakapokea tende na uji, na mpaka leo wanasema hawajapata Krismasi nyingine kama ile. Mwaka 2015 Maulidi iliangukia siku moja hivi kabla ya Krismasi. Hapa kwetu pia wengi wetu twakumbuka wiki ile, madufu na vigelegele upande mmoja, kwaya ikifanya mazoezi upande wa pili.

Hayo ni ya jamaa zinazokaa pamoja. Lakini wengi tunaoombwa kuwaombea si hao. Ni wale walioacha watoto kwa nyanya, wakaenda kufanya kazi za nyumbani au za ulinzi, na mshahara wao hauwaruhusu kumleta mtu. Kwao siku ya Krismasi ni kuosha vyombo vya watu, na wakati mwingine simu imewekwa na mwenye nyumba mpaka kazi iishe. Wengine wana mwajiri mwema, mama wa nyumba anayesema, leo ni sikukuu yako, piga simu kwenu. Wengine hawana. Hatutapamba maneno hapa: wako waliorudi na majeraha, na wako waliorudi katika sanduku. Mtoto wa Msambweni anayemsubiri mama yake kwenye simu usiku wa tarehe 24 hajui habari za mikataba na wakala. Ajua tu kwamba simu haikulia.

Ndiyo maana twapenda kusema wazi jambo ambalo baadhi ya washirika hawatalipenda. Wako watu wema wanaomtumia dada aliyeko Saudia mahubiri makali juu ya Uislamu, picha, na maagizo ya kuwashuhudia wenye nyumba yake. Wanafikiri wanamtia nguvu. Simu yake yaweza kushikwa na kufunguliwa, na atakayehojiwa si wewe uliyeketi Ukunda. Muulize kwanza apenda kupokea nini, na saa gani. Mara nyingi atakwambia, nitumie sauti ya watoto wakiimba. Mtume Petro aliwaandikia watu walioishi kama wageni na wapitaji, naye hakuwaagiza kelele. Aliwaagiza mwenendo mwema kati ya mataifa, hata wanaowasingizia wayaone matendo yao. Neno hilo liliandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa.

Wala jambo hili si geni katika pwani yetu. Tukumbuke jamaa moja ambayo jina lake twalitaja kila tunaposimulia mwanzo wa kanisa Kenya, lakini mara chache tunaitazama kama jamaa. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kianglikana cha CMS, alimwoa Rosine Dietrich mwaka 1842. Mwaka uliofuata, walipokuwa wakijaribu kuingia Uhabeshi, Rosine alijifungua kabla ya siku zake nyikani katika nchi ya Washoho, watu Waislamu wa nchi kavu karibu na pwani ya Bahari ya Shamu. Mtoto alikuwa msichana. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi. Akafa, wakamzika pale pale, wakaendelea na safari.

Kutoka huko walifika Aden, na mwezi wa Novemba 1843 wakaabiri chombo cha Waarabu kuelekea kusini. Kwa hiyo Krismasi ya 1843 iliwakuta safarini, wakisukumwa na kaskazi ile ile inayovuma Diani kila Desemba, mke na mume peke yao katika imani yao kati ya mabaharia Waislamu. Januari 1844 walifika Unguja. Sayyid Said, aliyetawala Oman na pwani hii pamoja, alimpokea Krapf na kumpa barua ya kuwaagiza maliwali wake wamtendee mema, kwa kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu. Fikirini jambo hilo, wapenzi wasikilizaji. Cheti cha kwanza cha kukaa cha misheni yetu hapa Mombasa kilitolewa na Sultani Mwislamu.

Wakahamia Mombasa mwaka ule ule. Mwezi wa Juni Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Kadhi alijua vema mgeni wake ni nani na anataka nini. Hata hivyo aliketi naye, akampa maneno. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua tena msichana, na homa ikaingia nyumbani. Mama akafa, na baada ya siku chache mtoto akamfuata. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, pale panapoitwa Nyali leo. Krismasi ya 1844 Krapf aliikuta Mombasa akiwa mjane, bila mtoto, bila Mkristo mwenzake wa kazi. Rebmann hakufika mpaka mwaka 1846. Hatuna haja ya kumfanya malaika. Alikuwa mtu mkaidi, na baadhi ya hukumu zake juu ya wenyeji haziwezi kutetewa. Lakini siku zile alikuwa mgeni kweli kweli, akiishi kwa ukarimu wa watu asiokubaliana nao katika jambo kubwa kuliko yote. Mwaka 1848, alipokwenda Usambara, alipita upande wetu huu wa Shimba, naye aliyemwongoza njia alikuwa Mwislamu.

Njia ya bahari ina pande mbili. Mwaka 1896 watoto 18 Waafrika, waliookolewa katika chombo cha watumwa, walikabidhiwa mmisionari Mwamerika, Peter Zwemer, huko Muscat, naye akawafungulia shule. Walikuwa wamechukuliwa kwa nguvu kutoka bara letu. Hapa Mombasa, CMS ilikuwa imeanzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu kama hao. Kwa hiyo binti wa Kwale anaposoma Luka kwa sauti ndogo katika chumba cha Muscat, si mtoto wa kwanza wa Afrika kuisikia habari hiyo katika mji ule.

Basi, na sisi tulio hapa? Wakristo wengi wa Kwale ni watu waliokuja: walimu kutoka Ukambani na Magharibi, wafanya kazi wa mahoteli, waliokuja zamani kwa miwa ya Ramisi, waliokuja kwa mgodi wa Maumba na Nguluku mpaka ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Tumekaa katika nchi ya Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu. Ukanda huu wa pwani ulihesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar mpaka Desemba 1963. Leo ni Kenya, na Krismasi ni sikukuu ya taifa kama Idi ul-Fitr, wala hakuna wa kutunyima kuimba. Lakini mtu ambaye hakuombewa ruhusa kwa barua ya Sultani husahau haraka kwamba jirani alikuwapo kabla yake.

Iko desturi moja ya hapa ambayo twapenda isife. Jamaa ya Kikristo ikinunua mbuzi wa Krismasi, humwita jirani Mwislamu aje amchinje, ili nyumba zote ziweze kula. Wako wahubiri wa siku hizi wanaoikataza, wakisema nyama hiyo imechinjwa kwa maneno ya dini nyingine. Tumewasikiliza. Paulo aliwajibu Wakorintho swali gumu kuliko hilo, nyama iliyotoka kwa sanamu, akawaambia chakula hakitusogezi karibu na Mungu wala kutuweka mbali naye. Tena alikuwa tayari asile nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza mwenzake. Na tumeona kisa cha mabishano hayo kinavyofika mbali: Februari 2013, huko Geita nchini Tanzania, ugomvi juu ya nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa. Kisu kimoja kikimpa jirani nafasi ya kula mezani kwako, hatuoni imani imepungua wapi.

Wala tusisahau kwamba Kwale imewahi kuwaona wageni wake wakikimbia. Agosti 1997 watu wenye silaha walishambulia Likoni, kisha vurugu zikaenea upande wa kusini, na watu wa bara wakauawa, wakachomewa nyumba, wakajazana kanisani Likoni. Krismasi ya mwaka ule wengi hawakuwa wamerudi. Tume ya serikali iliyochunguza mambo hayo ilikuta mkono wa siasa. Havikuwa vita vya dini, na wako Waislamu waliowaficha jirani zao uvunguni na ghalani. Nyumba kadhaa za Kikristo za Ukunda zipo leo kwa sababu hiyo.

Nabii Yeremia aliwaandikia barua watu waliochukuliwa mateka Babeli. Hakuwaambia wakae juu ya masanduku yao wakingoja kurudi. Aliwaambia wajenge, wapande, waoe, na wautakie amani mji ule na kuuombea, maana amani yake ndiyo amani yao. Barua hiyo yafaa isomwe Riyadh, yafaa isomwe na Msambweni. Tukiitisha kesha la tarehe 24 na vipaza sauti vinne vikielekea msikitini mpaka alfajiri, tujiulize kwanza dada yetu wa Doha angeambiwa nini na jirani zake angefanya hivyo. Kengele ya kanisa yatosha kuwaita washirika. Na mwenye kipaza sauti aweza kukizima saa sita.

Kwa wale watakaopiga simu usiku huo: Riyadh, Doha, Kuwait na Manama saa zao ni sawa na zetu. Dubai, Abu Dhabi na Muscat wametangulia kwa saa moja. Ibada ikianza hapa saa tatu usiku, huko Muscat tayari ni saa nne, na aliyeko kazini ataamka saa kumi na moja. Wachungaji wakiweza, majina ya walioko ng'ambo yasomwe mapema, kabla ya kwaya, na watoto wao wasimame mbele wakati simu zikiwa wazi.